Baraza la Maswali na Nyama ya Arusi

Benchi la varanda ya kanisa letu si langu tena. Alhamisi iliyopita nililikabidhi kwa vijana walionirithi, pamoja na kibao cha kuandikia, vipande vya chaki na kikombe cha maji kilichovunjika mkono. Wameniomba niwaandikie nilivyoifanya kazi yangu hapa Mombasa tangu siku zile reli ilipoanza kujengwa. Naandika, ingawa najua watasoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, kama wanavyosoma nyaraka za mitume.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kila Alhamisi, jua lilipopungua ukali, nilikaa kwenye benchi lile, na Mkristo yeyote wa kisiwani mwenye swali juu ya Maandiko, au juu ya namna ya kuishi kama mtu aliyebatizwa, alikuja akaliuliza mbele ya wenzake. Tuliliita Baraza la Maswali. Majirani waliliita Baraza la Ubishi, nao hawakukosea sana. Sitaandika nilipandishwa cheo lini, kwa sababu hilo halikutokea mara nyingi, wala sitaandika mshahara, kwa sababu mke wangu atasoma hapa na sitaki acheke mpaka akohoe.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Yakobo Feruzi. Aliletwa pwani utotoni akiwa mateka, akaachwa huru, akalelewa na wamisheni, na nilipomkuta alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya kukwaruza na miguu isiyotulia. Hakuketi barazani kabla hajalifagia mwenyewe. Siku yangu ya kwanza alinipa nafasi upande wake wa kushoto, akaniambia nisikilize. Akaja seremala mmoja, akauliza kama Mkristo anaruhusiwa kula kiapo mbele ya kadhi au hakimu. Mimi nilikuwa nimesoma sana mwaka ule. Nikaanza kupekua kurasa, nikijua kabisa aya iko wapi, na moyo ukinidunda kwa furaha ya mtu anayejua. Kabla sijaifikia, Mwalimu Yakobo alimwuliza yule seremala, "Umeshitakiwa na nani?"

Seremala akainamisha kichwa. "Na ndugu yangu, Mwalimu. Ni habari ya nyumba ya marehemu baba."

"Basi rudi kwa ndugu yako kwanza. Kiapo tutakizungumza Alhamisi ijayo."

Alhamisi iliyofuata seremala alikuja na nduguye, wamekaa benchi moja, na hawakuwa na swali lolote. Walikuja kusikiliza maswali ya wengine na kucheka. Nilirudisha kitabu mfukoni nikiwa na aya yangu ambayo hakuna aliyeitaka.

Mwalimu Yakobo alikuwa na kanuni zake, nami nilizishika zote. Ya kwanza, swali halijibiwi siku lilipoulizwa. Muulizaji hurudi wiki inayofuata, na kama harudi basi alikuja kupunga upepo. Karibu nusu yao hawakurudi, na kwa njia hiyo tulipunguza kazi nyingi. Ya pili, swali huandikwa kibaoni kwa maneno ya muulizaji mwenyewe, kisha anasomewa. Hamtaamini ni watu wangapi waliosomewa swali lao wakasema, "La, siyo hilo nililouliza." Tulifuta, tukaandika tena, tukafuta, mpaka mtu akaliona swali lake kwa macho yake. Wengine walipoliona walijijibu wenyewe wakaondoka, wala hawakushukuru. Ya tatu ndiyo niliyoipenda kuliko zote: kabla ya kujibu jambo zito, nenda kale kwa muulizaji. Barazani kila mtu ni mhubiri. Nyumbani kwake, mbele ya sahani yake, ndipo utamkuta mwenyewe.

Zana zetu hazikuwa nyingi. Maandiko ya Kiswahili tuliyokuwa nayo mengine yalikuwa yamejalidiwa na mengine yalikuwa vijitabu vilivyolegea, Injili hii hapa, waraka ule kule. Unyevu wa pwani uliyapenda na mchwa waliyapenda zaidi. Tuliyaweka ndani ya sanduku la bati pamoja na karafuu, na mpaka leo nikinusa karafuu nawaza juu ya Warumi, jambo linaloniharibia pilau nyingi nzuri.

Maswali ya miaka ile ya kwanza yalikuwa ya kila namna. Kijana mmoja aliuliza kama ni dhambi Mkristo kuvaa kanzu na kofia, maana ameambiwa ni mavazi ya dini nyingine. Nilimwuliza avae nini, gunia? Mama mmoja aliuliza kama anaruhusiwa kulia na majirani zake msibani, nikamwambia Bwana wetu alisimama penye kaburi la rafiki yake akalia, wala hakumwuliza mtu ruhusa. Mtia makaa wa garimoshi aliuliza afanyeje Jumapili ikiwa zamu yake ni asubuhi. Nilikwenda naye stesheni, nikaona tanuri lilivyo, nikamwambia asali akiwa na sepetu mkononi na aje kanisani jioni hata kama ni mweusi kama chungu. Alikuja, na akina mama wa mstari wa mbele wakajifunza kusogea.

Walikuwapo pia wale wa kuuliza ili waonekane. Kila mahali wapo, na nyinyi mtawarithi. Mmoja alitaka kujua majina ya wake za wana wa Nuhu. Nilimpa kikombe cha maji akanywa, akakaa, na baada ya Alhamisi kadhaa akauliza swali la kweli juu ya mtoto wake mgonjwa. Kwa hiyo wabishi msiwafukuze. Wanakuja kukagua kama benchi ni imara.

Mwalimu Yakobo alipofariki tulimzika mvua ikinyesha, na kanisa zima lilikuwapo, na nyuma ya Wakristo walisimama majirani Waislamu wa mtaa wake na miavuli yao. Nililia waziwazi. Alhamisi ile ile nilifagia varanda mwenyewe, nikakaa katikati ya benchi, nikaona lilivyo refu.

Kisha reli ikaleta watu wa bara. Walikuja makarani, wapagazi, mafundi, vijana waliobatizwa milimani na mabondeni huko, wenye imani mbichi na sauti nzuri za kuimba. Niliwapenda. Kanisa letu lilikuwa limeanza kusinzia, nao waliliamsha kwa kelele. Lakini walikuja mji wasioujua. Huko kwao Mkristo alikuwa amejitenga na mizimu ya wazee. Hapa aliwakuta majirani wanaosali mara tano kwa siku, wanaofunga, wanaotoa sadaka, na wanaomwita Mungu kabla ya kufungua mlango wa duka. Hawakujua wawaweke fungu gani.

Kiongozi wao alikuwa Zakayo, karani wa mizigo pale stesheni, mtu wa Taita, mrefu, mwenye mwandiko mzuri na shingo ngumu. Yeye na wenzake walipatana kwamba Mkristo wa kweli hali nyama iliyochinjwa kwa dua isiyo ya Kristo. Na kwa kuwa wachinjaji wote wa kisiwa hiki ni Waislamu, vijana wale waliishi kwa samaki, maharage na sifa. Krismasi moja walichanga wakanunua fahali wao, wakamchinja wenyewe pwani ya Kibarani, wakapika na kuwaalika majirani wa mtaa mzima. Majirani walikuja wamevaa kanzu safi. Walikaa, wakapongeza, wakanywa kahawa, wakala halua, wakashukuru, wakaenda zao bila kugusa sinia hata moja.

Zakayo alinijia amefadhaika. "Mwalimu, kwani wamefunga?"

Nilimweleza kwamba Mwislamu hali nyama aliyochinja mtu asiyemtaja Mungu kwa namna yao, na kwamba watu wale walikuwa wamekuja kwa heshima tu, wakijua watarudi na njaa. Kumbe pande mbili zilikuwa zikikataliana sahani bila kuambiana.

Sasa niwaeleze juu ya Rehema. Rehema alikuwa mwalimu wa ushonaji katika shule yetu ya wasichana, mpole wa sauti lakini si mpole wa nia. Hakuwajua wazazi wake. Alipokuwa mdogo kabisa aliletwa kwa Bi. Mwanakombo, mjane wa Kibokoni huko Mji wa Kale, na mama yule akamlea kama aliyemzaa. Bi. Mwanakombo mwenyewe alikuwa Mwislamu wa nasaba ya zamani, na mkono wake wa mapishi ulijulikana mpaka ng'ambo ya maji. Alimruhusu mtoto kuja shuleni kwetu ajifunze sindano. Rehema alipoomba ubatizo, mama alikaa miezi bila kusema naye, na Rehema akahamia shuleni kwetu. Kisha asubuhi moja alimletea bakuli la tambi za sukari, akamwambia arudi nyumbani, nyumba ni kubwa. Tangu hapo waliishi pamoja, mmoja akisali kwake na mwingine kwake, na mtaa ukazoea.

Zakayo alipotaka kumwoa Rehema, nilikuwa mmoja wa wazee waliokwenda kupeleka posa. Bi. Mwanakombo alitupokea vizuri, tukasalimiana salamu ndefu za kwetu, na mazungumzo yakaenda kama maji. Kisha likaja sinia la pilau ya mbuzi. Nilinawa. Mzee mwenzangu alinawa. Zakayo alinawa, akanyosha mkono, akaurudisha.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nyama iliyochinjwa kwa dua nyingine siili."

Nilitamani sakafu inimeze. Bi. Mwanakombo hakupandisha sauti. Alichukua kawa akalifunika lile sinia polepole, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

"Hujanikataa mimi, karani," alisema. "Umekikataa chungu changu, na mwanangu amelelewa na chungu hicho hicho. Ndia ni hiyo." Akaonyesha mlango. "Nendeni salama."

Alhamisi iliyofuata Rehema alikuja barazani. Niliandika swali lake kibaoni kama alivyolisema: je, naweza kuolewa kanisani bila radhi ya mama aliyenilea, ambaye si Mkristo? Nilimsomea. Akasema ndilo.

Padri wetu alikuwa amekwisha kumwambia kwamba sheria ya kanisa haihitaji radhi ya Bi. Mwanakombo, na kwamba ndoa inaweza kufungwa wakati wowote. Rehema alijua hivyo. "Nampenda Zakayo, Mwalimu," aliniambia mbele ya watu wote, bila kuona haya. "Lakini sitatoka nyumba ile kama mwizi. Mama asiponipa radhi, siolewi."

Nyuma yake alikuwa amesimama Zakayo na wenzake wote wa stesheni, wamejaa mpaka kwenye ngazi. Naye alitaka swali lake liandikwe: je, ni halali Mkristo kula nyama iliyochinjwa kwa dua ya dini nyingine? Alilisema kwa sauti ya mtu anayejua jibu. Lakini mikono yake ilikuwa ikipapasa kofia, na macho yake yalikuwa kwa Rehema.

Niliyaona yote mawili kibaoni, swali juu ya swali. Nikisema nyama ni haramu, Rehema atapoteza mume au mama. Nikisema ni halali, nimemwamuru mtu avunje ahadi aliyopatana na wenzake mbele ya Mungu, na nusu ya vijana wale hawataonekana tena kanisani. Wazee wa kanisa walitaka nifungue waraka wa Paulo kwa Wakorintho nimalize mambo. Lakini Paulo mwenyewe katika jambo hilo hasemi kuleni tu. Anasema anayekula huku moyo wake unamhukumu amejiumiza, na mwenye nguvu asimkwaze aliye dhaifu. Taabu ni kwamba barazani kila mtu hujiona ndiye mwenye nguvu.

Nikaenda kula kwa Zakayo. Aliishi katika landi za reli, vile vyumba vya safu vya wafanyakazi, karibu na Mwembe Tayari, chumba kimoja kisafi kama sahani iliyooshwa. Alinipikia maharage. Yalikuwa hayana chumvi ya kutosha, nikala. Nilipomaliza nilimwambia, "Sasa niambie habari ya nyama. Si ile uliyoisema barazani. Ile nyingine."

Alisukuma sahani kando, kisha akaniambia. Baba yake huko milimani alikuwa ndiye mchinjaji wa ukoo. Mvua ikikosekana au mtu akiugua, baba alipeleka mbuzi pangoni penye mafuvu ya wazee, akawaita marehemu kwa majina, akachinja, na wote wakala. Zakayo alipobatizwa aliahidi hatakula tena nyama iliyotamkiwa maneno ya namna ile. Siku aliyokataa nyama mkononi mwa baba yake ndiyo siku waliyoachana.

"Nimempoteza baba kwa ajili ya nyama, Mwalimu," alisema. "Nikila hii ya Mombasa kwa sababu ya arusi, basi nilimpoteza bure."

Kabla ya hapo nilidhani ni kiburi cha kijana, nami nilikuwa tayari kukivunja. Nilimshukuru Mungu kwa ile kanuni ya Mwalimu Yakobo. Nilimwuliza kitu kimoja tu.

"Umewahi kumsikia mchinjaji wa hapa akichinja? Umesikia anasema nini?"

Hakuwahi. Tangu afike mji huu alikuwa akipita njia nyingine ili asisikie.

Kesho yake kulipopambazuka tulikwenda pamoja mpaka penye kuchinjia, upande wa Makupa. Mchinjaji aliitwa Shee Athmani, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini. Nilimweleza kwamba kijana wangu angependa kuona. Hakushangaa.

"Karibuni," alisema. "Lakini simameni kule nyuma, msimtie mnyama hofu."

Alimpa ng'ombe maji. Kisu alikificha ubavuni ili mnyama asikione. Alimlaza, akamtaja Mungu kwa maneno machache, na kazi ikaisha kabla hatujavuta pumzi. Zakayo alisogea.

"Umewataja akina nani?" aliuliza.

"Akina nani?" Shee Athmani alimtazama. "Nimemtaja Mwenyezi Mungu. Kuna mwengine?"

"Na wazee wako waliokufa?"

"Astaghfirullahi! Wazee wangu nawaombea dua makaburini. Uhai wa mnyama huyu si wao." Alifuta kisu taratibu. "Wala si wangu, bwana. Mimi ni mtu nina kisu tu. Nisipomtaja aliyeuumba uhai huu, nimeuchukua kwa ruhusa ya nani?"

Tulirudi mjini kwa miguu, toroli za wakubwa zikitupita kwenye reli zao ndogo huku wasukumaji wakitokwa na jasho. Zakayo hakusema neno, wala mimi. Vijana, kunyamaza ni zana kama kile kibao, itunzeni. Tulipofika Mwembe Tayari alisimama.

"Si ile ya babangu," alisema.

"Si ile," nikamjibu. "Nisikufiche, dini yao na yetu zinaachana katika mambo makubwa, na ukiniuliza hayo nitakwambia. Lakini uliniuliza habari ya nyama."

Alhamisi iliyofuata varanda haikutosha. Wazee wa kanisa walikaa mbele, watu wa reli walijaza uwanja, na hata padri alivuta kiti mlangoni akijifanya anasoma. Nilikitoa kile kibao nisome swali, lakini Zakayo alisimama kabla yangu.

"Mwalimu, niruhusu," alisema, akawageukia wenzake. "Niliahidi nisile nyama ya mizimu, na ahadi hiyo naishika mpaka nife. Nimekwenda nikasikia kwa masikio yangu. Nyama hii si ya mizimu. Mimi nitakula. Ambaye moyo wake bado unamkataza, asile, na nikimsikia mtu anamcheka atanijua."

Kukazuka kelele. Wengine walipiga makofi, wengine walisema karani amelegezwa na mapenzi. Vijana watatu walisimama wakatangaza kwamba arusini watakuja kuimba lakini nyama hawataigusa. Niliwaambia kwamba katika hilo Paulo yuko upande wao, nami pia, mradi waje. Walikaa wakiwa wamepigwa na butwaa. Walikuwa wamejiandaa kufukuzwa. Nami moyo wangu ulikuwa ukiruka kama mwana-mbuzi, kwa sababu kanisa langu lote lilikuwa bado limekaa mahali pamoja.

Ilibaki Bi. Mwanakombo, na huyo hakuwa na haja ya Paulo. Zakayo alikwenda Kibokoni peke yake. Habari hizi alinieleza Rehema, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia.

"Hodi, mama," alisema Zakayo mlangoni. "Nimekuja kuomba radhi, na nimekuja na njaa."

"Karibu, karani," alijibu mama. "Lakini yeo sikupika nyama. Kuna mchicha."

Akala mchicha. Kesho yake alirudi, mama akamwambia kuna kunde. Akala kunde. Siku iliyofuata kulikuwa na muhogo wa nazi. Mtu mrefu yule alikuwa akitoka kazini kila siku anakwenda kula mboga za adhabu, na mtaa mzima wa Kibokoni ulijua na kuhesabu sahani. Hakulalamika hata siku moja. Mwisho, Ijumaa baada ya sala, alikuta sinia la pilau ya mbuzi mkekani. Bi. Mwanakombo alikaa mbele yake, akatazama. Zakayo alinawa, akaomba kwa Kristo kama alivyozoea, akatia mkono, akala. Kisha akaomba aongezwe.

"Mato yangu yalikuwa yakitazama mkono wako tu," mama alimwambia. "Haukutetemeka. Leteni posa yenu tena."

Asubuhi ya arusi nilikwenda Kibokoni kumchukua bibi arusi. Rehema alipiga magoti uani, Bi. Mwanakombo akaweka mikono kichwani pake.

"Radhi zangu unazo, mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa imara kuliko yangu. "Za dunia na za akhera. Nenda kanisani kwako ukaolewe ukiwa na kichwa juu. Mimi nakwenda jikoni kwangu, maana mume wako anakula sana."

Tulitembea mpaka kanisani tukiimba, na wanawake wa mtaa, Waislamu wote, walitupigia vigelegele toka madirishani. Nimehudumu katika arusi nyingi. Katika hiyo ndipo nilipotembea kama mtu mwenye mji.

Karamu ilifanywa uani kwa Bi. Mwanakombo. Shee Athmani ndiye aliyechinja, na alikuja mwenyewe kula. Kwenye mikeka walikaa watu wa kanisa na watu wa msikiti, makarani wa bara na wazee wa Kibokoni, wanne wanne kila sinia. Niliyatazama yale masinia yakipungua, nikamkumbuka fahali wa Kibarani ambaye majirani hawakumgusa, nikacheka peke yangu. Zakayo alikaa katikati, na Bi. Mwanakombo alimlisha tonge la kwanza kwa mkono wake mbele ya wote. Vigelegele vilizuka tena.

Ndipo nilipowaona wale vijana watatu. Walikuwa wameimba vizuri kanisani, kisha wamekuja kukaa pembeni, karibu na kisima, kila mmoja na kipande cha mkate mkononi, wakijitahidi kuonekana hawana njaa. Hakuna aliyewacheka. Lakini hakuna aliyekaa nao pia, na niliona nyuso zao zinaanza kukunjamana. Nilisimama niende nikakae nao.

Bi. Mwanakombo alinitangulia. Alitoka jikoni amebeba sufuria ya pili kwa kitambaa, mvuke unapanda, akaishusha mbele yao. Ilikuwa samaki wa nazi aliyenunuliwa Liwatoni alfajiri ile, na wali wake mbali, na upawa wake mbali, visiguse mchuzi wa nyama. Aliwapakulia mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, vipande vikubwa, akarudisha kifuniko ili kilichobaki kisipoe mpaka waongezwe. Mmoja wa vijana alishindwa kula kwa muda, amekamata sahani tu anamtazama.

Nilimfuata mlangoni pa jiko. "Bibi, ni nani aliyekwambia habari za hawa?"

"Rehema alisema kuna wasioila nyama yetu." Alijipangusa jasho kwa ncha ya leso. "Basi, Mwalimu? Wao wana nia zao, nami nina sufuria mbili. Kuna shida gani?"

Nilirudi nikakaa kando ya kisima na wale vijana, nikala samaki kwa furaha. Jibu lile la mtume Paulo, kwamba mwenye nguvu asimkwaze aliye dhaifu, nilikuwa nimelisoma kwa watu miaka yangu yote. Siku ile nililiona linapakuliwa.